Vipaza sauti vya parokia: spika tutengeneze wenyewe au tununue?

Swali moja limekuwa likirudi katika vikao vya kamati kila inapojadiliwa karakana ya vijana. Vijana wetu wanajifunza useremala na umeme, na kazi mojawapo inayowapatia kipato ni kutengeneza vipaza sauti vya makanisa, shule na kumbi za mikutano. Wanakata mbao, wanaunganisha boksi, wanalipaka rangi na kufunga nyaya. Lakini spika yenyewe, ile ya duara yenye sumaku nyuma na karatasi mbele, hununuliwa ikiwa imekamilika. Wajumbe wanauliza: kwa nini tusitengeneze na hiyo pia? Nao wahisani wanauliza kama mradi unaonunua sehemu iliyo muhimu kuliko zote unaweza kweli kuitwa mradi wa kujitegemea.

Ni swali la haki, na lina fedha nyuma yake. Jibu la "ndiyo" lina maana ya kuomba mashine, vifaa na miaka ya mafunzo. Jibu la "hapana" lina maana kwamba sehemu ya kila shilingi inayoingia itaendelea kwenda kwa muuzaji wa nje. Tena si swali letu peke yetu. Watengenezaji wa vipaza sauti wa Uingereza, Ufaransa, Denmark na Marekani wamekuwa wakijiuliza hilo hilo kwa muda mrefu, nao hawakulijibu kwa namna moja. Katika makala haya tunaeleza walichofanya, sababu zao, na msimamo tuliofikia sisi.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Hapa tunatumia maneno kama mafundi wengi wanavyoyatumia. "Spika" ni ile ya duara yenye sumaku na koni. "Boksi" ni sanduku linaloibeba. Vyote viwili pamoja, vikiwa tayari kufungwa ukutani, tunaviita "kipaza sauti".

METHALI MBILI

Wanaotaka tutengeneze kila kitu husema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wanaotaka tununue hujibu: kidole kimoja hakivunji chawa. Methali zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana majadiliano huwa marefu.

Neno kujitegemea lina uzito wa pekee kwa Watanzania tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hata hivyo, mkulima anayelima kwa jembe la dukani hajaacha kujitegemea. Amechagua kazi ya kufanya mwenyewe na kazi ya kumwachia mwingine. Lililo muhimu ni kwamba achague kwa kujua, na kwamba jembe likivunjika awe na njia ya kupata mpini au jembe jingine. Tutaona kwamba mambo hayo mawili, yaani kujua na kuwa na njia nyingine, ndiyo yaliyowasaidia watengenezaji wa vipaza sauti, au yakawaumiza pale yalipokosekana.

NDANI YA SPIKA MNA NINI?

Spika nyingi tunazoziona leo zinafuata mpango ulioelezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg. Malighafi zimebadilika sana tangu wakati huo, lakini mpango ni ule ule. Sehemu zake kuu ni hizi:

- Sumaku, pamoja na vyuma vinavyoizunguka na kuacha upenyo mwembamba wa mviringo.
- Koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa juu ya bomba dogo jepesi. Koili hukaa ndani ya upenyo huo bila kugusa chuma upande wowote.
- Koni ya karatasi au plastiki, iliyogundishwa kwenye koili.
- Kitambaa kigumu cha mikunjo kinachoishika koili katikati, na ukingo laini unaoishika koni mbele.
- Fremu ya chuma au aluminiamu inayobeba vyote.

Umeme unapotoka kwenye amplifaya na kupita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma na nguvu ya sumaku. Koni hufuata, nayo husukuma hewa. Hiyo ndiyo sauti tunayoisikia.

Kwa maelezo kazi inaonekana nyepesi. Ugumu uko kwenye vipimo. Upenyo ambamo koili inacheza mara nyingi una milimita moja au zaidi kidogo, na nafasi inayobaki kila upande wa koili ni sehemu chache tu za kumi za milimita. Koili ikipinda kidogo, hukwaruza chuma, na msomaji wa somo husikika kana kwamba ana mchanga mdomoni. Isitoshe, koili hupata joto kali, kwa sababu karibu umeme wote unaoingia hugeuka joto. Spika inayotoa desibeli 92 kwa wati 1, ikipimwa mita 1 kutoka ilipo, hugeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti. Gundi isiyo ya aina inayofaa huyeyuka au hubanduka katikati ya ibada.

Kisha kuna sumaku. Sumaku ya feraiti, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye spika za bei ya kati, hutengenezwa kwa unga wa oksidi ya chuma uliochanganywa na bariamu au strontiamu. Unga huo hukandamizwa na kuchomwa katika tanuri lenye joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Baada ya hapo hutiwa usumaku kwa mshtuko mkubwa wa umeme. Hiyo si kazi ya karakana ya parokia. Hata kampuni zinazojivunia kutengeneza spika zao wenyewe kwa kawaida huzinunua sumaku kwa wengine.

Kwa hiyo hakuna anayetengeneza kila kitu. Kila mtengenezaji amechora mstari mahali fulani: upande huu ninafanya mwenyewe, upande ule ninanunua. Kazi ya kamati ni kuamua mstari wetu upite wapi.

WALIOTENGENEZA, NA SABABU ZAO

Mwaka 1932 Gilbert Briggs alianza kutengeneza spika katika chumba cha chini cha nyumba yake huko Yorkshire, Uingereza. Kazi hiyo ilizaa kampuni ya Wharfedale. Mwaka 1961 Raymond Cooke, ambaye aliwahi kufanya kazi BBC na Wharfedale, alianzisha KEF mjini Maidstone. Cooke na wenzake waliamini kwamba koni za plastiki zingeweza kutoa sauti iliyo sawasawa zaidi kuliko karatasi za wakati ule. Hakukuwa na dukani spika waliyoitaka, hivyo waliitengeneza. Huko Denmark, Dynaudio ilianza mwaka 1977 na imejulikana kwa spika zake yenyewe. Huko Ufaransa, Jacques Mahul alianzisha Focal katika mji wa Saint-Étienne mwaka 1979, naye alianza kwa kutengeneza spika.

Ukiwaangalia hawa kwa makini utaona mambo mawili. La kwanza, walijua jambo ambalo muuzaji wa kawaida hakulijua au hakuliuza. La pili, baadhi yao hawakutengeneza kwa ajili ya maboksi yao tu. KEF na Focal waliuza spika kwa kampuni nyingine, hata zile zilizoshindana nao sokoni. Kwa njia hiyo gharama ya mashine iligawanywa kwa spika nyingi.

Mtu anaweza kusema: kama Briggs alianzia chini ya nyumba yake, kwa nini vijana wetu wasianze hivyo? Jibu ni kwamba mwaka 1932 redio ilikuwa bado changa na kazi nyingi ya spika ilifanywa kwa mikono. Fundi mmoja hodari aliweza kushindana. Leo spika inayotoka kwenye kiwanda kikubwa cha China hufika bandarini kwa bei ambayo fundi wa peke yake, anayenunua waya, koni na sumaku kimoja kimoja, ni vigumu sana kuifikia.

WALIONUNUA, NA SABABU ZAO

Kuna kampuni ambazo kazi yake kubwa ni kuwauzia spika watengenezaji wa vipaza sauti. SEAS ya Norway ilianzishwa mwaka 1950. Eminence, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, imekuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1960. Karibu na Florence, Italia, iko B&C Speakers, ambayo spika zake zimo ndani ya vipaza sauti vya majina mengi tofauti.

Wala wanaonunua si wale wa bei ya chini tu. Wilson Audio ya jimbo la Utah, Marekani, imeuza vipaza sauti ambavyo ni miongoni mwa vya bei kubwa kabisa duniani, nayo kwa miaka mingi ilitumia spika za wataalamu wengine, wakiwemo Focal na Scan-Speak ya Denmark. Wateja hawakuona aibu. Walilipia kazi ya kuchagua, kuunganisha, kujenga boksi na kupima.

Jambo lililowapa nguvu wanunuzi wa spika ni elimu. Zamani fundi wa boksi alikisia tu: alitengeneza, akasikiliza, akabomoa, akatengeneza tena. Mwaka 1961 Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alichapisha njia ya kukokotoa boksi kutokana na vipimo vya spika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small, akiwa Chuo Kikuu cha Sydney, aliiendeleza njia hiyo. Leo karatasi ya maelezo ya spika nzuri hubeba namba hizo, na zilizo muhimu zaidi ni tatu. Ya kwanza inaonyesha koni hutikisika yenyewe kwa mitetemo mingapi kwa sekunde. Ya pili inaonyesha mtikisiko huo hutulia upesi kiasi gani. Ya tatu inaonyesha ulegevu wa koni ni sawa na ulegevu wa lita ngapi za hewa.

Kwa namba hizo tatu kijana mwenye kikokotoo anaweza kujua boksi lake liwe na lita ngapi, na kama tundu la hewa linahitajika, liwe la upana na urefu gani. Boksi likiwa dogo kupita kiasi, sauti nene huvimba kisha hupotea. Likiwa na mbao nyembamba, mbao zenyewe huimba pamoja na kwaya. Huu ni ujuzi wa kweli unaolipiwa, na hauhitaji tanuri wala mashine ya kukandamiza chuma.

HATARI YA KUNUNUA

Tusidhani kwamba kununua hakuna hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 BBC ilibuni kipaza sauti kidogo kilichoitwa LS3/5A kwa ajili ya kusikiliza matangazo mahali penye nafasi finyu, kama ndani ya magari ya kurushia matangazo. Kilitumia spika mbili za KEF, B110 kwa sauti nene na T27 kwa sauti nyembamba. BBC ilitoa leseni kwa kampuni kadhaa, zikiwemo Rogers, Spendor na Harbeth. Zote zilijenga boksi lile lile na zote zilitegemea spika za KEF.

Mpango huo ulifanya kazi kwa miaka mingi. Lakini kadiri muda ulivyopita, spika za B110 zilianza kutofautiana na zile za mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilibidi krosova, yaani sehemu inayogawa sauti nene na nyembamba, ibuniwe upya ili kufuata spika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 KEF iliacha kuzitengeneza. Waliokuwa wakijenga LS3/5A wakabaki na michoro ya boksi bila spika ya kuweka ndani. Baadaye wengine waliagiza spika mpya za kufanana nazo. Kampuni ya Falcon Acoustics, ambayo mwanzilishi wake Malcolm Jones ndiye aliyezibuni spika hizo alipokuwa KEF, ilizitengeneza upya.

Funzo kwetu ni wazi. Aliyejenga boksi linalokubali spika ya aina moja tu, kutoka kwa muuzaji mmoja tu, amempa muuzaji huyo ufunguo wa karakana yake.

HATARI YA KUTENGENEZA

Je, aliyetengeneza mwenyewe yuko salama? Hapa tuna mfano ulioanzia karibu na nyumbani. Kwa miaka mingi spika bora zilitumia sumaku ya alniko, ambayo ni mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka Shaba, yaani Katanga, nchini Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vita vilizuka Shaba mwaka 1977 na tena mwaka 1978, na mwezi Mei 1978 mji wa migodi wa Kolwezi ulitekwa. Wananchi wa pale waliumia kwanza na kuumia zaidi, na hilo tusilisahau. Lakini mshtuko ulifika mbali: bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa.

JBL ya Marekani ilikuwa ikitengeneza spika zake yenyewe, tena kwa sifa kubwa. Hata hivyo ililazimika kuachana na alniko katika spika zake nyingi na kubuni upya mfumo wa sumaku ili itumie feraiti. Wengine wengi walifanya hivyo hivyo. Kutengeneza spika hakukuwaondolea utegemezi. Kuliusogeza tu, kutoka kwa muuzaji wa spika hadi kwa muuzaji wa madini. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa na wahandisi, fedha na muda wa kubuni upya. Karakana ndogo ikipatwa na jambo kama hilo haina akiba ya namna hiyo.

TUPIGE HESABU

Injili inatukumbusha habari ya mjenzi wa mnara anayepaswa kupiga hesabu kabla ya kuweka msingi. Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa namba rahisi. Tuseme mashine ya kuzungushia koili, kalibu za fremu na za koni, vifaa vya kupimia na mafunzo vingegharimu shilingi 30,000,000, na vingedumu miaka 5. Karakana ikitengeneza spika 200 kwa mwaka, hizo ni spika 1,000 kwa miaka yote mitano. Kila spika inabeba shilingi 30,000 kabla hatujanunua hata waya, gundi au sumaku. Kiwanda chenye gharama hiyo hiyo kikitoa spika 50,000 kwa mwaka kitakuwa na spika 250,000, na kila moja itabeba shilingi 120 tu.

Kamati inaweza kubadilisha namba hizi kadiri ya hali yake. Hata ukipunguza gharama ya mashine kwa nusu, tofauti inabaki kubwa mno. Mnunuzi wa mwisho ni kigango kinachochanga fedha kidogo kidogo kila Jumapili, na si haki kukitwisha mzigo huo ili sisi tupate kusema kwamba tumetengeneza kila kitu.

Kuna hesabu nyingine ambayo husahaulika, nayo ni ya umeme. Spika ya desibeli 98 kwa wati 1 hutoa, kwa wati 50, sauti ile ile ambayo spika ya desibeli 88 hutoa kwa wati 500. Kanisa linalotumia umeme wa jua au jenereta litaiona tofauti hiyo kila wiki. Desibeli hizo zinatokana na nguvu ya sumaku, wepesi wa koni na wembamba wa upenyo, yaani mambo yale yale ambayo karakana ndogo huyapata kwa shida zaidi. Spika dhaifu ya kujitengenezea inaweza kuwa ya bei nafuu siku ya kununua na ghali miaka yote inayofuata.

MSIMAMO WETU

Baada ya kuyapima haya, mstari wetu tumeuchora hivi:

1. Spika tutanunua. Hatutaomba fedha za wahisani kwa ajili ya mashine za kutengeneza spika wakati kazi yetu ni ya maboksi machache kwa mwaka.

2. Boksi na krosova tutatengeneza wenyewe, kwa vipimo na si kwa kukisia. Mbao, kazi ya mikono na hesabu vinabaki kwa vijana wetu. Boksi kubwa tupu ni ghali kusafirisha kutoka ng'ambo, kwa hiyo hapa fundi wa karibu ana nafasi nzuri kuliko kiwanda cha mbali.

3. Tutafundisha kufufua spika zilizoungua. Koni, koili na kitambaa cha mikunjo huuzwa pamoja kwa ajili ya spika nyingi zinazojulikana. Fundi huondoa vilivyokufa, husafisha upenyo, huweka koili mpya katikati kwa vipande vyembamba vya plastiki, hugundisha, kisha huvitoa vipande hivyo gundi ikishakauka. Fremu na sumaku, ambazo ndizo nzito na ghali, hubaki. Kazi hii inamfundisha kijana karibu kila siri ya spika, na parokia inaokoa spika ambayo ingetupwa.

4. Kila boksi litakubali spika za zaidi ya muuzaji mmoja. Tutatumia vipimo vya kawaida, kama inchi 10, 12 na 15, na tutahifadhi karatasi ya maelezo ya kila spika pamoja na spika za akiba.

5. Tutasema ukweli kwenye kibandiko: boksi limetengenezwa na karakana, spika imenunuliwa, na jina la aliyeitengeneza spika litaandikwa. Hakuna aibu katika hilo.

Msimamo huu unaweza kubadilika. Kama karakana nyingi zitaungana na mahitaji kufikia maelfu ya spika kwa mwaka, au kama kijana mmoja atabuni jambo ambalo hakuna muuzaji analo, tutapiga hesabu upya. Yule aliyejifunza kufufua spika ndiye atakayekuwa tayari zaidi kwa siku hiyo.

KWA KAMATI INAYOKWENDA KUNUNUA

Kununua nako ni kazi inayohitaji maarifa, kwa sababu sokoni kuna spika bandia na maandishi ya kudanganya. Tunashauri mambo haya:

- Ombeni karatasi ya maelezo. Spika isiyo na namba za kukokotolea boksi humrudisha fundi kwenye kukisia.
- Msidanganywe na wati nyingi zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Ulizeni ni wati ngapi za kudumu, na desibeli ngapi kwa wati 1 katika mita 1.
- Pimeni koili kwa mita ya umeme. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya omu 5.5 na 7. Ikisoma chini sana ya hapo, au isiposoma kitu, iacheni.
- Bonyezeni koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa. Ikikwaruza, irudisheni kabla ya kulipa.
- Nendeni na fundi, na risiti iandikwe jina na namba ya spika, si neno "spika" peke yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

- Katika miradi ya parokia yetu, ni vitu gani tunatengeneza wenyewe ambavyo ingekuwa busara kununua? Na ni vipi tunanunua ambavyo tungeweza kutengeneza?
- Muuzaji wetu mkuu akifunga duka kesho, kazi yetu itasimama kwa muda gani?
- Je, vijana wetu wanajifunza kuunganisha tu, au wanajifunza pia kupima na kutengeneza kilichoharibika?
- Parokia yetu ina spika ngapi zilizoungua na kuwekwa stoo? Nani angeweza kuzifufua?

Tunaomba kamati zijadili maswali haya kabla ya kupanga bajeti ya mwaka ujao. Wahisani wetu tunaomba waelewe kwamba fedha zao hazitakwenda kwenye tanuri wala kalibu. Zitakwenda kwenye misumeno mizuri, maikrofoni ya kupimia sauti, kompyuta ya kukokotolea, vifaa vya kufufulia spika na ada za vijana wanaojifunza kazi hii.